KIZURI HAKIKOSI ILA: Bi. Julia Cameron na lenzi yake iliyochekwa na mabingwa

HAKUNA mwenye kamera asiyewahi kuulizwa, au kujiuliza mwenyewe, kama lenzi yake ni nzuri. Vijana wanaopiga picha za harusi hubishana sana juu ya jambo hili. Mmoja atasema lenzi fulani inaona vizuri katikati lakini pembeni inatia ukungu. Wa pili atasema yake inaacha uzi wa rangi ya zambarau ukingoni mwa kanzu nyeupe. Wa tatu atalalamika kwamba yake inapinda kuta za nyumba hata zikavimba kama tumbo la mtungi. Wote watatu wanasema kweli. Hakuna lenzi iliyotengenezwa na binadamu ambayo haina ila. Linalobaki ni kujua ila hizo zina uzito gani kwa mtu anayepiga picha za kila siku, yaani picha za watoto wake, jirani zake na wageni wake.

Swali hili lilizusha ugomvi mkubwa huko Uingereza zaidi ya miaka 150 iliyopita, na aliyekuwa katikati ya ugomvi huo ni mwanamke mmoja mzaliwa wa India, Bi. Julia Margaret Cameron. Alianza kupiga picha akiwa na umri wa miaka 48, bila ya mwalimu, na kwa lenzi ambayo mabingwa wa wakati ule waliona haifai kwa kazi aliyoitaka. Walimcheka na kumsema katika magazeti yao. Leo wengi wa mabingwa hao hawatajwi tena, na picha za bibi huyo zimetunzwa katika majumba makubwa ya makumbusho ya dunia. Maisha yake yatatusaidia kulijibu swali letu.

MTOTO WA CALCUTTA

Julia alizaliwa mjini Calcutta tarehe 11 Juni, 1815. Baba yake, James Pattle, alikuwa afisa wa Kampuni ya East India, ile kampuni ya Waingereza iliyoanza kwa biashara ikaishia kutawala nchi ya watu. Mama yake alikuwa wa ukoo wa Kifaransa, na kama ilivyokuwa desturi ya watu wa tabaka lao, binti huyu alipelekwa Ufaransa akalelewa na nyanya yake. Alirudi India mwaka 1834. Dada zake walijulikana kwa uzuri wa sura. Yeye alijulikana kwa akili, kwa maneno mengi na kwa ukarimu usio na kipimo.

Baada ya muda mfupi akaugua, akapelekwa Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, apate hewa ya kumponya. Huko Rasi, mwaka 1836, alikutana na watu wawili waliobadili maisha yake. Wa kwanza alikuwa Sir John Herschel, mwanafalaki mashuhuri aliyekuwa amekwenda huko kuzichungua nyota za upande wa kusini. Herschel alikuwa pia mtaalamu wa dawa, na ndiye aliyegundua dawa ya kuizuia picha isififie baada ya kupigwa. Urafiki wao ulidumu mpaka kufa kwake. Mwaka 1842 alimpelekea Julia, huko Calcutta, baadhi ya picha za mwanzo kabisa zilizopigwa duniani.

Wa pili alikuwa Charles Hay Cameron, mwanasheria aliyemzidi Julia kwa miaka 20. Walioana Calcutta mwaka 1838. Jina la Bwana Cameron haliko mbali na historia yetu kama mtu anavyoweza kudhani. Yeye alikuwa mmoja wa wajumbe wa tume iliyoandika rasimu ya Kanuni ya Adhabu ya India chini ya Macaulay. Kanuni hiyo ilipitishwa mwaka 1860, na baadaye Waingereza wakaileta pwani hii. Mahakama za Kenya ziliitumia mpaka mwaka 1930. Basi babu zetu waliofikishwa mbele ya hakimu katika siku hizo walihukumiwa kwa maneno ambayo mume wa Bi. Julia alishiriki kuyaandika.

Mwaka 1848 Bwana Cameron alistaafu, na wakahamia Uingereza. Walijaaliwa watoto sita, na juu ya hao Bi. Julia alilea watoto wa wengine. Mmoja wao alikuwa Mary Ryan, msichana maskini aliyemkuta akiomba pamoja na mama yake. Mwaka 1860 familia ilihamia kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, wakawa majirani wa Tennyson, mshairi mkuu wa Waingereza wa wakati ule. Nyumba yao waliiita Dimbola, kwa jina la shamba lao la kahawa katika Ceylon, nchi ambayo leo inaitwa Sri Lanka.

ZAWADI YA BINTI

Ilipofika Desemba 1863, watoto wa Bi. Julia walikuwa wamekua, na mumewe alikuwa safarini Ceylon kuangalia mashamba. Nyumba ikawa kimya. Binti yake wa pekee, aliyeitwa Julia kama mama yake, pamoja na mumewe, wakamletea zawadi ya kamera ili apate la kujishughulisha katika upweke wake.

Siku hizi mtu akipewa kamera hubonyeza kitufe akawa amemaliza. Wakati ule mambo yalikuwa mengine. Kamera ilikuwa kasha kubwa la mbao. Mpiga picha alichukua kipande cha kioo, akakipaka dawa inayonata, akakitia katika maji ya chumvi ya fedha ndani ya chumba cha giza, akakikimbiza kwenye kamera kingali kimaji, akapiga, kisha akakirudisha mbio kukisafisha kabla hakijakauka. Baadaye picha ilitolewa kwa jua juu ya karatasi iliyopakwa ute wa yai. Dawa hizo zilitia madoa meusi yasiyotoka, na nyingine zilikuwa sumu.

Bi. Julia hakuogopa. Ghala la makaa akaligeuza chumba cha giza. Banda la kuku lenye kuta za vioo akalifanya studio, na kuku wakatafutiwa pengine. Mikono yake ikawa myeusi, nguo zake zikajaa madoa, na vitambaa vya meza vikaharibika kimoja baada ya kingine. Mumewe, mzee mwenye ndevu nyeupe, alikuwa mtu wa kwanza kuonyeshwa kila kioo kilichotoka, na kila mara alikisifu.

Mwishoni mwa Januari 1864, baada ya kuharibu vioo vingi, alipata picha ya kwanza iliyomridhisha. Ilikuwa ya mtoto mdogo wa kike aliyeitwa Annie. Furaha ilimzidi hata akazunguka nyumba nzima akitafuta zawadi za kumpa mtoto yule, kana kwamba yeye ndiye aliyeifanya picha.

ILA ZA LENZI

Lenzi aliyokuwa nayo ilitoka kwa fundi Jamin wa Paris, na ilikuwa ya namna iliyobuniwa na Joseph Petzval mjini Vienna mwaka 1840. Lenzi ya Petzval ilisifiwa kwa sababu iliingiza nuru nyingi kuliko zilizoitangulia. Lakini ilikuwa na ila yake. Katikati ilitoa sura kali iliyo wazi. Kadiri unavyosogea pembeni, ndivyo sura ilivyolegea ikawa kama inayeyuka. Kwa mtu mmoja aliyekaa katikati ya picha haikuwa na neno. Kwa kundi la watu waliopanga safu ilikuwa balaa, maana wa katikati walitoka wazi na wa pembeni wakatoka kama watu walio ndani ya moshi.

Ila ya pili ilisumbua lenzi nyingi za zama hizo. Nuru nyeupe ni mkusanyiko wa rangi nyingi, na kioo cha lenzi hakizipindi zote sawasawa. Rangi ya buluu hukutana mahali pamoja, na ya manjano mahali pengine nyuma kidogo. Jicho la binadamu huona vizuri zaidi ile ya manjano, lakini dawa ya vioo vya siku zile iliona buluu na zambarau tu. Matokeo yake ni kwamba mpiga picha alisawazisha lenzi mpaka jicho lake likaridhika, kisha picha ikatoka na ukungu. Mafundi walijifunza kuisogeza lenzi kidogo baada ya kuisawazisha ili kuikidhi dawa badala ya jicho.

Ila ya tatu ni ya umbo. Uso wa lenzi hukatwa kwa mviringo kama kipande cha mpira, na mviringo huo hauwezi kukusanya miale yote katika nukta moja; miale ya pembeni hukutana mbele ya ile ya katikati. Jambo hili Waislamu walilijua karne nyingi kabla ya kamera. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra yapata mwaka 354 Hijria, sawa na 965 Miladia, akafia Cairo yapata 1040, aliandika juu ya vioo vya kuchomea kwa jua. Akaeleza kwamba kioo cha umbo la mpira hakikusanyi miale yote mahali pamoja. Katika risala yake juu ya kupatwa kwa jua alichunguza jinsi sura ya jua iliyokatwa kama mwezi mwandamo inavyopenya tundu na kutua ukutani katika chumba cha giza, akaonyesha kwamba tundu likipanuliwa, sura ile hupoteza umbo lake.

Hiyo ndiyo dawa ya kale inayotumika mpaka leo kwa ila nyingi za lenzi: punguza tundu. Ukilipunguza, miale ya pembeni inazuiwa na picha inakuwa kali. Lakini nuru nayo inapungua, na mtu hana budi kukaa bila kutikisika kwa muda mrefu zaidi. Bi. Julia alipiga picha ndani ya nyumba, kwa nuru ndogo iliyochujwa na mapazia, na tayari watu wake walikaa dakika tatu mpaka saba. Kulipunguza tundu kungewaongezea adhabu hiyo. Alichagua kuliacha wazi.

Kisha akafanya jambo ambalo mabingwa hawakumsamehe. Alipokuwa akisawazisha lenzi, hakuendelea mpaka kila unywele na kila uzi wa nguo uonekane. Alisimama pale ambapo sura ilimpendeza macho yake. Yeye mwenyewe alieleza hivyo katika kumbukumbu alizoanza kuziandika mwaka 1874, na akakiri kwamba mwanzoni lilikuwa bahati tu.

MABINGWA WACHACHAMAA

Mwaka ule ule wa 1864 Bi. Julia alijiunga na chama cha wapiga picha cha London, akaanza kupeleka kazi zake kwenye maonyesho. Magazeti ya wapiga picha yakamvamia. Waandishi wake walikubali kwamba alikuwa na ushupavu na jicho la kuchagua sura, lakini wakasema hajui kutumia chombo chake. Vioo vyake vilikuwa na michirizi ya dawa, alama za vidole na vumbi. Kimoja kilivunjika ukingoni, naye akatoa picha yake vivyo hivyo pamoja na ufa wake. Lewis Carroll, mwandishi maarufu wa hadithi za watoto ambaye naye alikuwa mpiga picha hodari, hakupendezwa na ukungu wake.

Mabingwa wale hawakuwa wapumbavu. Kwao kamera ilikuwa chombo cha kueleza ukweli: jengo, mmea, mtambo, uso wa mhalifu. Waliona fahari ya sanaa hii mpya ni kuonyesha yale ambayo mkono wa mchoraji hauwezi kuyafikia. Mtu anayeacha ukungu kwa makusudi alionekana kama fundi seremala anayeacha meza ikiyumba na kusema ni urembo.

Lakini wachoraji waliona vingine. Mchoraji G.F. Watts, rafiki wa familia, alimtia moyo. Mwaka 1865 jumba la makumbusho la South Kensington mjini London, ambalo sasa linaitwa Victoria and Albert, lilinunua picha zake 80, na mwaka 1868 likampa vyumba viwili avitumie kama studio. Mjini Berlin alitunukiwa medali ya dhahabu mwaka 1866. Naye hakuwa mtu wa kujidharau. Aliandikisha haki ya zaidi ya picha 500 ili zisiigwe na kuuzwa na wengine.

LENZI MPYA, UKUNGU ULE ULE

Sasa tumefika mahali ambapo swali letu linaanza kupata jibu. Mwaka 1866 Bi. Julia alinunua kamera kubwa zaidi, yenye vioo vya inchi 15 kwa 12, na lenzi mpya ya fundi Dallmeyer wa London. Hii haikuwa lenzi ya kuchekwa. Ilikuwa miongoni mwa zilizo bora kabisa za wakati huo, iliyotengenezwa ili isipinde mistari. Kama ukungu wa picha zake ungetokana na ubovu wa lenzi ya kwanza peke yake, basi ungeondoka siku ile.

Haukuondoka. Alimsogelea mtu mpaka kichwa chake kikakaribia ukubwa wa kichwa halisi juu ya kioo. Kwa karibu namna hiyo, hata lenzi bora huweza kushika jicho wazi na kuliacha sikio likififia. Na mtu aliyekaa dakika tano lazima apumue. Ukungu uliobaki ulitoka kwa ukaribu, kwa pumzi za watu na kwa uamuzi wa mwenye kamera. Lenzi haikuwa na lawama tena.

Picha zilizotoka katika miaka hiyo ndizo zilizomjengea jina. Mwaka 1867 alimfuata rafiki yake wa zamani Herschel nyumbani kwake, sasa mzee wa miaka 75. Inasimuliwa kwamba alimtaka aoshe nywele zake nyeupe ili zisimame. Katika picha ile nguo zimemezwa na giza. Uliobaki ni uso wenye makunyanzi na macho yaliyotazama nyota umri mzima. Mwaka huo huo alimpiga Carlyle, mwandishi wa historia, na kichwa chake kikatoka kama jiwe lisilochongwa likamaliza. Carlyle alilalamika kwamba picha inatisha, lakini akakubali kwamba imefanana naye. Tennyson aliitania mojawapo ya picha zake kwamba ni ya mtawa mchafu, na akaipenda. Mwaka 1868 Charles Darwin, mtaalamu wa viumbe, alikuja kupanga nyumba kisiwani, akapigwa picha. Naye aliandika kwamba aliipenda kuliko nyingine zote alizowahi kupigwa.

Lakini wakubwa hao hawakuwa wengi. Mara nyingi zaidi alipiga watu wa kila siku waliomzunguka: wapwa zake, watoto wa majirani, wavuvi, na watumishi wa nyumba yake. Mtumishi wake Mary Hillier alipigwa picha mara nyingi sana akiwa amevishwa kama Bibi Maryamu, hata wenyeji wa kisiwa wakamwita kwa jina hilo. Wapita njia walikamatwa barabarani wakaombwa wakae. Na Mary Ryan, yule mtoto wa mwombaji, alionekana katika maonyesho mjini London na kijana mmoja, Henry Cotton, aliyekuwa anaelekea kwenye kazi ya serikali huko India. Kijana akanunua picha zake, kisha akarudi kumposa. Walioana mwaka 1867. Mumewe huyo baadaye akawa Sir Henry Cotton, aliyetetea haki za Wahindi, na mwaka 1904 akachaguliwa kuwa rais wa mkutano wa chama cha Congress cha India. Hakuna aliyesimulia kwamba bwana harusi aliuliza kwanza juu ya ukali wa lenzi.

MTOTO WA MFALME WA UHABESHI

Mwezi Aprili 1868 jeshi la Waingereza lilivunja ngome ya Maqdala katika Uhabeshi, na Mfalme Tewodros akajiua badala ya kutekwa. Mwanawe Alemayehu, mtoto wa miaka saba, alichukuliwa. Mama yake alifariki njiani kabla hawajafika pwani. Mtoto akapelekwa Uingereza akiwa chini ya Kapteni Speedy, aliyejua lugha ya Kihabeshi, na mnamo Julai wakawa katika kisiwa cha Wight, ambako Malkia Victoria alikuwa na kasri. Bi. Julia akawaalika mbele ya kamera yake.

Picha hizo zipo mpaka leo. Mtoto amevaa mavazi ya kwao, na macho yake ni mazito kuliko umri wake. Ni lazima tuseme kweli: picha hizi zilipigwa wakati Waingereza wakifurahia ushindi wao, na huyu alikuwa mtoto aliyetolewa kwao bila ya kuulizwa. Bi. Julia mwenyewe alikuwa binti na mke wa watawala. Hata hivyo kamera ilishika kitu ambacho washindi hawakukitia maanani, nacho ni upweke wa yatima.

Alemayehu hakurudi kwao tena. Alifariki mjini Leeds mwaka 1879 akiwa na miaka 18, akazikwa Windsor. Wahabeshi wameomba mara kadhaa mabaki yake yarudishwe. Mwaka 2023 kasri ya Uingereza ililikataa ombi la jamaa zake, ikisema haiwezekani bila ya kusumbua makaburi ya wengine. Mifupa yake iko ugenini, lakini uso wake unaonekana na kila mtu. Mtu anayetazama macho ya mtoto yule akaanza kuhesabu kasoro za lenzi atakuwa amepotea njia.

KAHAWA YAANGAMIA

Upigaji picha ulikula fedha, wala haukuzirudisha zote. Familia ilitegemea kahawa ya Ceylon, na mwaka 1869 ugonjwa wa kutu ya majani ulionekana katika mashamba ya kisiwa hicho. Mwaka baada ya mwaka mavuno yakazidi kupungua. Kisha mwezi Oktoba 1873 binti yake Julia, yule aliyempa kamera, akafariki wakati wa uzazi.

Mwaka 1875 Bwana na Bibi Cameron waliamua kurudi Ceylon, ambako wanao walikuwa wakifanya kazi na ambako maisha yalikuwa nafuu. Walipakia ng'ombe, mizigo na majeneza mawili, kwa kuwa walijua wanakwenda kufia huko. Na ili nafasi isipotee, majeneza yalijazwa vyombo vya kauri na vioo. Inasimuliwa kwamba bandarini Bi. Julia aliwalipa wapagazi kwa picha zake kwa sababu hakuwa na fedha za kuwapa.

Huko Ceylon alipiga picha chache. Zinazojulikana ni kama 30 tu. Joto na uhaba wa maji safi vilikuwa adui wa dawa zake. Nyingi ni za wafanyakazi wa Kitamil na watu wengine wa kisiwa kile. Alifariki tarehe 26 Januari, 1879, katika milima ya kahawa. Mumewe alimfuata mwaka uliofuata, na wamezikwa pamoja huko Bogawantalawa. Kazi yote, zaidi ya picha 1,200 zinazohesabiwa leo, aliifanya katika miaka isiyozidi 15. Mwaka 1926 mwandishi Virginia Woolf, ambaye mama yake alikuwa mpwa wa Bi. Julia na alipigwa naye picha nyingi, alishiriki kutoa kitabu cha picha hizo, na jina lake likafufuka.

BASI ILA ZINA UZITO GANI?

Wasemao kwamba ila za lenzi hazina maana wanakosea. Mtu anayepiga picha ya hati ya shamba, ya ramani, ya kidonda ili daktari akitazame, au ya kitambulisho, anahitaji lenzi iliyo sawa toka ukingo mpaka ukingo. Hapo ukungu ni hasara, na mstari uliopinda ni uongo. Hata katika harusi, mpiga picha akitumia lenzi kama ile ya Petzval kwa picha ya ukoo mzima, wajomba waliosimama pembeni watatoka bila ya sura, na hiyo itakuwa fitina ya miaka mingi.

Lakini sehemu kubwa ya picha za kila siku si hati wala ramani. Ni sura za watu tunaowapenda, na watazamaji wake ni watu wale wale wanaowapenda. Katika picha hizo ila ya lenzi huonekana kwa anayeitafuta tu. Mafundi wenyewe walilitambua hilo mapema. Mwaka 1866 Dallmeyer alipata hataza ya lenzi ya sura za watu ambayo mpiga picha aliweza kuizungusha ili kuongeza ulaini kwa kiasi alichotaka, yaani ila iliuzwa kama sifa. Simu zetu za leo hufanya kazi hiyo kwa upande wa pili: kompyuta iliyomo ndani hunyoosha mistari iliyopindwa na lenzi kabla mwenye simu hajaiona, kisha programu nyingine humwekea ukungu nyuma ya kichwa kwa sababu anapenda picha iwe hivyo.

Wazee wetu walisema mchagua jembe si mkulima. Bi. Julia hakuchagua jembe lake la kwanza. Aliletewa na mwanawe. Alilijua lilivyo, akalilimia shamba linalolifaa, yaani uso mmoja uliokaribiwa, na makundi ya watu hakuyafanya kazi yake kubwa. Alipopata jembe bora hakubadili shamba. Kwa mwenye simu ya bei ndogo au kamera ya mtumba ambaye leo anasitasita kumpiga picha nyanya yake mpaka apate lenzi iliyo bora, mafunzo ni haya: aijue lenzi yake inashindwa wapi, amweke nyanya pale inapofaulu, karibu na dirisha lenye nuru ya upole, naye ampige angali hai.